Mambo ya kuzingatia kabla ya kupandisha pikapu kwa bajeti ndogo

Kabla hujanunua hata bolti moja, lala chini ya pikapu uangalie imekwaruzwa wapi. Mikwaruzo itakuonyesha ni kitu gani hasa kinachogonga mawe. Kama ni tumbo la difu ya nyuma (lile boksi la gia katikati ya ekseli), kupandisha springi hakutasaidia kitu, kwa sababu difu imo kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Difu inainuliwa na tairi refu zaidi, basi. Springi zikipandishwa, kinachopanda ni chesisi na vyote vilivyofungwa juu yake: tangi la mafuta, giaboksi, bampa, bodi. Pia unapata nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kusugua madigadi. Mwenye pesa kidogo asipoelewa tofauti hii atanunua kitu kisichotibu tatizo lake.

Hata tairi nalo lina hesabu yake. Ukitoka saizi ya 245/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kutoka takriban milimita 749 hadi 804, lakini ekseli inapanda nusu tu ya tofauti hiyo, yaani kama milimita 27. Spidomita iliyokuwa sahihi nayo itaanza kusoma pungufu: ikionyesha 80, wewe uko karibu na 86.

Baada ya hapo chukua tepu. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu mahali tambarare, kisha andika. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakuvurugia hesabu. Pikapu iliyobeba mizigo kwa miaka mingi mara nyingi imelala nyuma, au upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ukikuta hivyo, unachohitaji kwanza ni springi nzima na bushi mpya, na huenda kimo unachokitafuta ndicho kile gari lilichotoka nacho kiwandani. Kuweka nyongeza juu ya springi zilizochoka ni kulipa mara mbili.

Kwa nyuma, kama gari lina springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine), mimi ningeanza na kuongeza jani. Linapandisha, na linasaidia kubeba, ingawa gari likiwa tupu litarukaruka kidogo. Sheko ndefu, yaani kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi, ni rahisi kufunga, ila inapandisha nusu ya urefu ulioongeza: sheko iliyozidi milimita 50 inakupa 25 hivi. Bloku kati ya ekseli na springi inakubalika kwa nyuma ikiwa ni ya chuma au alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, moja tu kila upande. Kupanga bloku mbili, kutumia mbao, au kuweka bloku kwenye ekseli ya mbele inayokata kona, usikubali hata fundi akikuapia. Vilevile springi kuukuu iliyokunjwa upya kwa nyundo bila kutibiwa kwa moto inavyotakiwa hurudi chini baada ya muda, na pesa yako imekwenda.

Yuboti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Zikishakazwa hutanuka, na ukizirudisha hazibani kama mwanzo. Springi ikianza kucheza juu ya ekseli, senta bolti, ile inayoshikilia majani pamoja katikati, ndiyo inayobeba kazi isiyo yake mpaka inakatika.

Mbele kunategemea gari. Lenye toshenbaa (fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya springi) linapandishwa kwa kukaza bolti za marekebisho, bila kununua kitu, na hapo ndipo watu hukaza kupita kiasi. Kila unapopandisha, unapunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Mkono wa juu unaoshika gurudumu ukishakaribia kugota, kila shimo litagonga chuma kwa chuma. Lenye springi ya mviringo iliyofungwa pamoja na shokapu huwekewa spesa juu, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: spesa ya milimita 25 huweza kuinua gari karibu mara mbili ya unene wake, kwa sababu shokapu imekaa katikati ya mkono, si mwishoni kwenye gurudumu. Uliza spesa inapandisha gari kiasi gani, usiulize unene wake. Kwa bajeti ndogo ningeishia milimita 40 hadi 50. Ukizidi hapo, shafti za mbele zinazozungusha magurudumu zinakaa kwa pembe kali mno, buti zake (mipira inayofunika viungo) zinachanika, boli jointi zinazounganisha mikono na gurudumu zinachoka mapema, na unaanza kununua vipuri ambavyo hukuvipangia.

Breki ndizo ninazoomba uzipe muda kuliko kitu kingine chochote. Inua gari kwa chesisi, weka stendi, acha ekseli ining'inie mpaka mwisho, kisha shika kwa mkono paipu za mpira za breki. Zinapaswa kuwa na ulegevu. Ikiwa moja imekaza kama kamba ya nguo, tafuta ndefu zaidi kabla gari halijagusa barabara. Kagua hivyo hivyo nyaya za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki), kebo ya handibreki na kipumulio cha difu, yaani mpira wake wa kupitishia hewa. Shokapu nazo zisiwe ndizo zinazozuia ekseli kushuka. Halafu angalia kama kuna kifimbo kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye valvu iliyoshikwa na chesisi. Pikapu nyingi zinacho. Valvu hiyo inapima mzigo kwa kuangalia nyuma imeshuka kiasi gani, na kutokana na hapo inagawa nguvu ya breki. Ukipandisha nyuma bila kuirekebisha, itadhani gari ni tupu siku zote, na siku umepakia breki za nyuma zitakuwa dhaifu. Kibano kidogo cha kuinua kifimbo hicho kwa kiasi kile kile ulichopandisha kinatosha.

Tenga pesa ya alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) kabla ya kununua nyongeza yenyewe; bila hiyo matairi ya mbele yataliwa upande mmoja. Pia waulize wakaguzi wa magari na kampuni ya bima yako wanaruhusu kiasi gani. Gari refu zaidi huyumba zaidi kwenye kona, na wao wanalijua hilo.

Siku ya kazi, nati na bolti zenye kutu ziwe zimeshapakwa mafuta ya kulegeza tangu siku chache kabla. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Springi ya mviringo iliyobanwa inaweza kuua. Kama huna kibanio chake sahihi, mpelekee fundi aliye nacho. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe mwisho gari likiwa juu. Lishushe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira unabaki umejinyonga na utapasuka upesi.

Baada ya kilomita mia hivi kaza tena yuboti, na rudia baada ya mia chache nyingine. Pima tena magurudumu manne ulinganishe na namba ulizoandika. Kisha shusha mwanga wa taa za mbele usiwapige machoni wanaokuja.