Tinti ya gari inayozuia joto: chagua kwa vipimo, si kwa weusi

Kosa linalorudiwa zaidi wakati wa kununua tinti, yaani filamu inayobandikwa kwenye vioo vya gari, ni kuichagua kwa macho. Iliyo nyeusi zaidi hudhaniwa ndiyo inayopoza zaidi, na wauzaji wengi hawana haraka ya kusahihisha dhana hiyo. Nguvu ya jua inayofika kwenye kioo cha gari ina sehemu tatu. Mwanga tunaouona ni chini kidogo ya nusu. Infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi papo hapo, ni takriban nusu. Kiasi kidogo kinachobaki, asilimia 3 hadi 5 hivi, ni mionzi ya urujuanimno, na hii ndiyo inayozeesha ngozi, kupausha vitambaa na kuchangia nyufa za dashibodi. Filamu nyeusi ya bei rahisi hukata mwanga na kuiacha infraredi nyingi ipite. Kwa hiyo gari lenye vioo vyeusi tititi linaweza kuwa na joto kuliko lenye vioo vinavyoonekana kama havijabandikwa kitu.

Omba karatasi ya vipimo kwanza

Filamu ya kiwanda kinachojiheshimu huja na karatasi ya vipimo. Kama fundi hana, au anakuambia tu kwamba hii ni "seramiki kabisa" (filamu yenye chembe zinazonyonya infraredi), usiendelee na mazungumzo ya bei.

VLT ni asilimia ya mwanga unaopita kwenye kioo. VLT 5 ni giza zito, mtu wa nje haoni ndani mchana. VLT 35 ni giza la wastani. VLT 70 karibu haitambuliki. Kumbuka kwamba namba ikishuka, giza linaongezeka. Wapo wanaoomba "asilimia 70" wakidhani wanaomba giza zaidi. VLT haikuambii lolote la uhakika kuhusu joto.

TSER ndiyo namba ya kuamua nayo. Ni asilimia ya nguvu yote ya jua iliyozuiwa: mwanga, infraredi na urujuanimno kwa pamoja, ikiwa ni pamoja na ile inayonyonywa na kioo kisha kurudishwa nje. Seramiki nzuri yenye VLT 70 inaweza kufika TSER ya karibu 50, huku filamu ya rangi tupu yenye VLT 35 mara nyingi ikibaki chini ya hapo japo ni nyeusi mara mbili. Lakini usiisome TSER 50 kana kwamba joto ulilonalo leo litapungua nusu. Kioo cheupe cha milimita 3 bila tinti yoyote tayari kina TSER ya karibu 15. Joto linalopita linashuka kutoka 85 hadi 50, yaani punguzo la takriban asilimia 41. Ni punguzo kubwa, na utalihisi mkononi na kwenye kazi ya kiyoyozi. Uliza pia kama TSER ilipimwa jua likiwa limeukabili uso wa kioo moja kwa moja au likiwa pembeni kwa nyuzi 60, kwa sababu kipimo cha pembeni hutoa namba kubwa zaidi kwa filamu ileile. Ukilinganisha filamu mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa njia moja.

IRR, yaani asilimia ya infraredi iliyozuiwa, ndiyo inayopambwa zaidi kwenye matangazo, na ndiyo yenye mitego mingi. Infraredi ya jua huanzia nanomita 780 hadi 2500 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na sehemu yake yenye nguvu zaidi ni ile iliyo karibu na mwanga mwekundu. Kiwanda kikipima kwenye eneo dogo tu, tuseme nanomita 900 hadi 1000, kinaweza kuandika asilimia 97 hata kama filamu inaachia mengi kati ya 780 na 900. Tena vipimo vingi vya IRR huhesabu joto lililonyonywa na filamu kama limezuiwa, ilhali sehemu ya joto hilo huishia ndani ya gari. IRR inayofaa kulinganishwa ni ile iliyopimwa kutoka 780 hadi 2500.

Hapo ndipo penye udhaifu wa lile onyesho la dukani, ambapo muuzaji humulika filamu kwa taa ya joto ili uhisi inavyozuia. Taa ya joto hutoa infraredi kwa wingi kuliko jua, na mwanga wake ni mdogo, kwa hiyo filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya infraredi huonekana kufanya miujiza. Onyesho hilo linatosha kutofautisha seramiki na filamu ya rangi, basi. Halikuambii gari litakuwaje saa saba mchana.

Namba ya nne ni ya urujuanimno. Hapa karibu kila filamu huandika 99, lakini nyingi humaanisha hadi nanomita 380 tu, wakati urujuanimno unafika 400. Anayejali ngozi yake atafute filamu inayotaja kinga hadi 400. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati ambalo huzuia karibu urujuanimno wote. Vioo vya pembeni ni vya aina nyingine na kinga yake hutofautiana sana kati ya gari na gari. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa Marekani mwenye umri wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28: shavu la upande wa dirisha lilikuwa na makunyanzi mazito, la upande wa pili lilikuwa la kawaida kwa umri wake.

Unaweza kuipima kinga hii mwenyewe kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365. Imulike karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapishia nayo itang'aa rangi ya buluu. Weka kipande cha filamu katikati. Kama ni nzuri, mng'ao unazimika. Angalizo: tochi nyingi za bei nafuu ni za nanomita 395, na mwanga wake hupenya hata kwenye filamu njema, kwa hiyo usiihukumu filamu kwa tochi hiyo.

Urujuanimno ukizuiwa wote, viti na dashibodi vitachelewa kupauka, havitaacha kupauka. Mwanga na joto navyo huchangia, ndiyo sababu TSER ina umuhimu hata kwa anayefikiria viti peke yake.

Aina za filamu

Zote ni plastiki ya poliesta yenye unene wa mikroni 38 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Filamu za usalama, zinazoshikilia kioo kisitawanyike kikivunjika, huanzia mikroni 100, na unene huo hauna uhusiano na kuzuia joto.

Ya rangi ni ya bei ya chini zaidi. Hukata mng'ao, hunyonya joto zaidi ya kulirudisha, na rangi yake ikivunjwa na jua hugeuka zambarau. Ya metali hurudisha joto vizuri, lakini tabaka lake la metali huvuruga mawimbi ya simu, GPS na redio, na hali ni mbaya zaidi kwenye gari ambalo antena yake imechorwa ndani ya kioo cha nyuma. Ya kaboni haipauki haraka na haigusi mawimbi. Ni chaguo la kati linaloeleweka. Ya seramiki ina chembe ndogo mno zinazonyonya infraredi huku zikiacha mwanga upite, nayo haisumbui mawimbi. Zipo pia filamu zenye tabaka nyingi nyembamba zinazorudisha infraredi badala ya kuinyonya. Ni ghali, na kwa mtu anayetaka vioo vyeupe visivyo na joto, ndizo bora.

Kwa gari linaloegeshwa juani kila siku, pendekezo letu ni seramiki. Kama fedha hazitoshi kwa vioo vyote, bandika seramiki kwenye vioo vichache kuliko kujaza filamu ya rangi gari zima.

Kokotoa giza kabla ya kubandika

Kioo cha gari chenyewe hukata mwanga. Vingi vya pembeni hupitisha asilimia 70 hadi 80. VLT ya mwisho hupatikana kwa kuzidisha: filamu ya 35 kwenye kioo cha 75 ni 0.35 × 0.75, yaani 26. Watu hujikuta wamevunja sheria kwa sababu walisoma namba ya filamu peke yake. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi huifuata, inataka vioo anavyotazamia dereva mbele vipitishe angalau asilimia 70. Sheria hutofautiana, na baadhi ya nchi haziruhusu filamu yoyote kwenye kioo cha mbele, kwa hiyo soma ya kwako na utake fundi apime kwa kifaa kwenye kioo chako kabla ya kazi na baada yake.

Kwa kioo cha mbele hesabu ni ya kubana. Kioo cha 78 kikiwekewa filamu ya 90 hubaki na 70.2. Ya 80 ingekishusha hadi 62. Pale sheria inaporuhusu, usikiruke kioo hiki: ndicho kikubwa kuliko vyote, kimelala kuelekea jua, na dashibodi iko chini yake moja kwa moja. Hakikisha filamu haizibi eneo la kamera au kihisi cha mvua nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma.

Vioo vyeusi vya nyuma vilivyotoka kiwandani huwadanganya wengi. Weusi wake umo ndani ya kioo, umewekwa kwa ajili ya faragha, na kioo hicho hunyonya joto na kulisambaza ndani. Kibandike seramiki ya 70 au zaidi. Giza halitaongezeka sana, joto litapungua.

Usiku, VLT ya mwisho chini ya 20 kwenye vioo vya mbele vya pembeni huficha mtembea kwa miguu na kufanya kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma kisomeke kwa shida wakati wa kurudi nyuma. Hatuishauri hata pale sheria inapokaa kimya.

Kubandika na kukagua

Tinti hubandikwa upande wa ndani. Kioo huoshwa, hukwanguliwa kwa wembe mpya (isipokuwa kile chenye nyaya za kuondoa ukungu), kisha hunyunyiziwa maji safi yenye matone machache ya shampuu ya watoto ili filamu iteleze mpaka ikae mahali pake. Kwenye kioo kilichopinda, filamu hupashwa hewa ya moto juu ya uso wa nje kwanza ili isinyae kufuata umbo. Kazi ifanyike ndani ya chumba kisicho na vumbi. Ukiona mafundi wanabandika kando ya barabara, chembe za mchanga chini ya filamu zina hakika ya kuwepo.

Usishushe vioo kwa siku 3 hadi 5. Ukungu na vifuko vidogo vya maji ni vya kawaida na hukauka taratibu, wakati mwingine kwa wiki 4 hali ya hewa ikiwa ya unyevu. Mwanya wa milimita 1 au 2 kwenye ukingo wa juu wa kioo kinachoshuka ni kazi sahihi, kwani filamu ikifika ukingoni kabisa huchubuka. Mstari wa kijivu kwenye vidoti vyeusi vya pembeni mwa kioo cha nyuma nao si kosa: gundi haishiki vizuri juu ya vidoti.

Baada ya wiki 4, nukta ngumu ni vumbi, mikunjo kama vidole ni kioo kisichosinyazwa vizuri, na pembe zinazonyanyuka ni uchafu wa kwenye mpira wa mlango. Viputo vinavyoenea kioo kizima miezi baadaye ni gundi iliyokufa. Kuvitoboa kwa sindano hakusaidii, filamu hutolewa. Safisha kwa maji na sabuni laini na kitambaa cha nyuzi laini, na kaa mbali na dawa za vioo zenye amonia, kwa sababu huidhoofisha rangi na gundi.

Wakati wa kuiondoa filamu ya zamani kwenye kioo cha nyuma, tumia mvuke mpaka gundi ilainike, kisha vuta polepole ukifuata mwelekeo wa zile nyaya. Gundi inayobaki iloweshwe maji ya sabuni na kusukumwa kwa kipande cha plastiki. Wembe hapo hukata nyaya.