Kijarida cha kurasa 8 kutoka karatasi moja

Anayetaka kutengeneza kijarida chake kwa mkono hahitaji stepla wala gundi, kwa kuwa karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara tatu hutoa kurasa 8, kila moja ikiwa na upana wa takriban milimita 74 na urefu wa milimita 105. Ikunjue, uikunje tena ili kingo fupi zikutane, kisha ukate kwa mkasi kuanzia kwenye mkunjo wa katikati hadi pale mikunjo inapokatana, bila kuzidi hapo. Ukiikunjua sasa, ukakutanisha kingo ndefu na kusukuma ncha mbili zikaribiane, mkato utafunguka kama mdomo na kurasa zitajipanga.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kutengeneza kwanza kielelezo kitupu na kukiandika namba za kurasa kabla ya kuchora chochote, maana karatasi ikikunjuliwa utaona kwamba kurasa 4 za safu moja zimesimama kichwa chini, na hapo ndipo kazi ya jioni nzima huharibika. Tumia wino mweusi, kwani penseli hufifia kwenye fotokopi, na uache ukingo wa angalau milimita 5, kwa sababu mashine nyingi hazichapishi hadi mwisho wa karatasi.

Upande wa pili hubaki mweupe. Mimi huandika barua humo, naye msomaji anayekikunjua kijarida huikuta ikimngoja. Ukimkabidhi mtu chako, mwombe akishamaliza akipitishe kwa mwingine.