Kukimbiza Boti Ndogo ya Mbio Katika Upepo Mkali wa Ghuba ya Winam

Mwongozo huu ni wa Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, na wa boti ya mbio ya mita 6 hadi 7: mkuku (bapa la chini ya boti) wa kuinuliwa, dasturi (mti wa mbele) ya kuchomoza, tanga kuu, tanga la mbele na jenaka (tanga kubwa la kukimbia na upepo), mabaharia 3 au 4. Upepo ni wa noti 15 hadi 25, yaani kilomita 28 hadi 46 kwa saa. Upepo ukifika hapo, nguvu unayo tele, na kinachokuibia mwendo ni boti kulala ubavu. Boti iliyolala hutaka kugeukia upepo yenyewe, nahodha huizuia kwa usukani, na usukani uliopinda ni breki. Kwa hiyo kazi yote, ya nchi kavu na ya majini, ni kuiweka boti wima.

Hatua ya 1: Soma ghuba

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, upande wa mashariki, nao ni mwepesi. Karibu saa sita hutulia. Kuanzia saa saba au saa nane mchana upepo wa ziwa huingia kutoka magharibi na kusini magharibi, ukaongezeka hadi alasiri. Kwa kuwa huja ukisukuma maji ya ghuba isiyo na kina kirefu, mawimbi ya mbele ya Dunga, ufukwe wa Kisumu, ni mafupi, yamesimama na yanafuatana upesi.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Mombasa katika joto lilelile. Noti 18 za Kisumu hulisukuma tanga kama noti 17 za Mombasa. Jedwali la mtengenezaji wa matanga likisema mpangilio fulani ni wa noti 16 hadi 19, wewe utumie kuanzia 17 hadi 20.

Mawingu meusi yakijikusanya juu ya milima ya Nandi na upande wa Kericho, kisha upepo wa magharibi ukakatika ghafla, shusha jenaka papo hapo na uelekee nchi kavu. Dhoruba itakuja kutoka mashariki, na upepo wake hufika kabla ya mvua.

Hatua ya 2: Kaza waya za mlingoti kabla ya kushua

Hapa ndipo wengi hupuuza, na hapa ndipo mwendo hupatikana. Hakikisha kwanza mlingoti umesimama katikati. Funga futi kwenye jarari (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu, ipandishe hadi juu, upime hadi mahali waya za juu, zile za ubavuni zinazoshika sehemu ya juu ya mlingoti, zinaposhikwa kwenye boti, kushoto na kulia. Tofauti isizidi milimita 5. Ikizidi, legeza upande mmoja na ukaze wa pili kwa mizunguko ileile ya skrubu ya waya.

Kisha tafuta kipimo cha msingi, kile kinachofaa upepo wa noti 10. Kutoka hapo ongeza hivi:

- Noti 14 hadi 17: mizunguko 2 kwa waya za juu, 1 kwa za chini.
- Noti 18 hadi 21: mizunguko 4 kwa za juu, 2 kwa za chini.
- Noti 22 na zaidi: mizunguko 5 au 6 kwa za juu, 3 kwa za chini.

Hesabu hizi ni za kuanzia, maana kila boti ina tabia yake. Jaribu majini: mkibisha upepo, yaani mkienda dhidi yake kwa mshazari, sukuma kwa kidole waya wa juu ulio upande usio na upepo. Ukisogea sentimita 2 hivi, sawa. Ukicheza ovyo, waya wa mbele nao umelegea, tanga la mbele limepata tumbo, na omo (pua ya boti) haitaki kupanda upepo hata ufanyeje.

Waya za chini hushikilia katikati ya mlingoti. Zikikazwa kupita kiasi mlingoti haupindi, na kuvuta waya wa nyuma hakusaidii kitu. Zikilegea, mlingoti hupinda mno na utaona mikunjo ya mshazari kwenye tanga kuu, kutoka usawa wa mikono ya mlingoti (inayotanua waya za ubavuni) hadi pembe ya nyuma. Mikunjo hiyo ikitokea katikati ya mbio, legeza waya wa nyuma kidogo, kisha ukirudi ufukweni ukaze za chini nusu mzunguko.

Andika idadi ya mizunguko kwenye daftari. Rudisha pini za skrubu na uzifunge tepu. Usizungushe skrubu waya ukiwa umebeba mzigo, utakula hesi.

Hatua ya 3: Lainisha matanga

Vuta kamba ya mguu wa tanga kuu hadi mwisho. Vuta kaningamu (kamba inayovuta chini ukingo wa mbele wa tanga) mpaka mikunjo ya kando ya mlingoti iishe, halafu sentimita chache zaidi, ili tumbo la tanga lisogee mbele. Rudisha kapi za kamba za tanga la mbele tundu moja au mawili nyuma, sehemu ya juu ya tanga ifunguke na kuachia upepo.

Hatua ya 4: Kubisha upepo

Bandika tepu nyembamba mahali mkono wa usukani unapokaa ukiwa katikati kabisa. Kwa mkono wa mita 1, kusogea sentimita 9 ni kama nyuzi 5. Ukijikuta unashikilia zaidi ya hapo, usipambane na usukani. Punguza nguvu ya tanga kuu.

Baharia wa mbele atazame maji. Akiona weusi unakimbia juu ya maji, yaani pigo la upepo linakuja, ahesabu kwa sauti: "Tatu, mbili, moja!" Kwenye "moja" mwachie kamba ya tanga kuu sentimita 20 hadi 30, *kabla* boti haijalala. Wote mko nje ukingoni, mmebanana karibu na mkuku. Boti ikishika kasi, rudisha kamba. Ukingoja ilale kwanza, umeshachelewa. Ukomo ni nyuzi 15 hadi 20 za kulala.

Kwenye mawimbi haya mafupi usibane omo sana kwenye upepo. Teremka, yaani geuka mbali na upepo, nyuzi 2 au 3 upate kasi ya kuyapasua.

Hatua ya 5: Kugeuka na kupandisha jenaka

Ili kugeuka uende na upepo, legeza vangi (kamba inayovuta chini bumu, mti wa chini wa tanga kuu), kisha tanga kuu, ndipo ugeuze usukani. Ukikosea utaratibu huo, tanga kuu hubaki limeshika upepo, boti hulala, usukani hutoka majini na omo huruka kurudi kwenye upepo.

Chomoza dasturi, vuta pembe ya mbele ya jenaka hadi mwisho wake, pandisha jarari kwa haraka, ndipo uvute kamba ya tanga. Kila mtu arudi nyuma hadi omo iinuke. Boti ya ukubwa huu ikibaki ndani ya maji hufungwa kwenye noti 6 hivi; ikipanda juu ya maji hupita 10.

Upepo ukichapa, teremka nao, ukipungua, panda, yaani geuka kuelekea upepo. Boti ikianza kulala, legeza vangi na uachie kamba ya jenaka mita nzima. Omo itarudi chini.

Geuza tanga upande wa pili mkiwa kwenye kasi ya juu, mkiteremka wimbi. Boti inayokimbia na upepo huupunguza upepo unaogusa tanga. Inayosita hupigwa na wote.

Kushusha: teremka karibu na upepo wa nyuma, jenaka ijifiche nyuma ya tanga kuu. Kusanya mguu wa tanga mikononi, achia kamba ya dasturi, kisha jarari kwa vipande. Jarari ikiachwa yote kwa mpigo, jenaka itaingia chini ya omo na kujizungusha kwenye mkuku.

Hatua ya 6: Gugu maji na nyavu

Upepo wa magharibi hulisukuma gugu maji hadi upande wa Kisumu. Mwendo ukishuka ghafla au usukani ukilegea mkononi, mizizi imeshika. Shusha jenaka, elekeza omo kwenye upepo, sukuma bumu nje kwa mkono na uache boti irudi nyuma urefu wake mara mbili. Magugu mengi yatatoka yenyewe. Chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni maboya ya nyavu za wavuvi: zizunguke kwa mbali, maana wavu ukinasa usukani kwenye noti 10 unaweza kuung'oa pamoja na bawaba zake.