Unahamia Berlin? Piga hesabu ya mwezi wa kwanza kabla ya kodi

Mtu aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali wa Dar es Salaam, akisikia kwamba Berlin nyumba hulipiwa mwezi kwa mwezi, hushusha pumzi. Asiishushe bado. Kabla hujakaa sawasawa utatakiwa utoe kodi ya mwezi unaoingia, halafu dhamana inayoitwa Kaution, ambayo sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi mara tatu ya kodi ya mwezi, bila gharama za joto na maji. Sheria hiyohiyo inakupa haki ya kuilipa kwa awamu tatu za mwezi, ya kwanza siku ya kuingia, ila usitegemee mtu akukumbushe. Useme mwenyewe, tena mkataba ukishasainiwa. Ukilisema jambo hilo mlangoni siku ya kutazama nyumba, walio nyuma yako kwenye foleni hawatalisema, na nyumba wataipata wao.

Kwenye matangazo utakuta bei mbili. Kaltmiete, yaani kodi baridi, ni ya kuta na paa tu. Warmmiete, kodi ya moto, imeongezewa maji, takataka, usafi wa ngazi na mara nyingi gharama ya kupasha nyumba joto. Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ile baridi, na hiyo usiijali sana, kwa sababu hata ya moto yenyewe haina umeme; huo utaandikiana mkataba na kampuni ya umeme, na intaneti hivyohivyo. Kuna pia ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, hata kama huna televisheni. Na unapoona “2 Zimmer” usidhani ni vyumba viwili vya kulala na sebule. Sebule imeshahesabiwa humo.

Hayo malipo ya joto na maji unayolipa kila mwezi ni makadirio. Mwenye nyumba hufanya hesabu kamili mara moja kwa mwaka, na ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kufungwa kukuletea jibu. Mimi baridi ya kwanza nilikuwa nakaa na fulana chumbani, kidirisha wazi kwa ajili ya hewa, kipasha joto kimefunguliwa mpaka mwisho. Jengo lenyewe la zamani, dari juu zaidi ya mita tatu, yaani nilikuwa napasha hewa ya kule juu nisikofika. Barua ilikuja mwaka uliofuata, nimeshasahau kila kitu, na deni lilikaribia kodi ya mwezi mzima. Tangu hapo natenga kitu kidogo kila mwezi, na dirisha nalifungua wazi dakika tano kisha nafunga, kama wafanyavyo wenyeji.

Jambo linaloshangaza wengi ni jiko. Nyumba nyingi hukodishwa tupu, na nyingine tupu kabisa: hakuna sinki, hakuna jiko la kupikia, hakuna kabati, na penye taa zinaning’inia nyaya. Mpangaji anayetoka anaweza kukuuzia jiko lake, na bei huwa ya kupandisha kwa sababu anajua huna nguvu ya kukataa. Kabla hujakubali, angalia matangazo ya vitu vilivyotumika. Wajerumani wakihama huuza karibu bure, na vingine huviacha kando ya barabara na karatasi ya “zu verschenken”, chukua ni bure. Mtu usione haya. Meza ninayoandikia niliibeba mwenyewe kutoka Neukölln.

Fedha ukishakuwa nazo, fundo lenyewe ni karatasi. Mwenye nyumba hatakusikiliza kabla ya kuona hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, taarifa ya SCHUFA inayoonyesha kama una madeni, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi kodi. Wengi hutaka mshahara unaobaki mkononi ufike mara tatu ya kodi. Mgeni aliyeshuka juzi hana hata moja kati ya hayo, na mzazi aliyeko Mwanza au Kisumu kwa kawaida hakubaliwi kuwa mdhamini. Wanataka anayeishi na kulipwa Ujerumani. Kwa hiyo andaa mbadala kabla ya kupanda ndege: mkataba wa kazi au barua ya chuo, taarifa za benki, barua ya mwenye nyumba wako wa nyumbani iliyotafsiriwa, na vyote viwe kwenye faili moja la PDF. Nyumba nzuri hupata maombi mengi ndani ya saa chache. Ukisema utatuma kesho, umeshaikosa.

Karatasi nyingine ni usajili wa anwani, Anmeldung, unaotakiwa ufanyike ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Ofisini unakwenda na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila usajili huo hupati namba ya kodi ya mapato, na mwajiri asiye na namba yako hukukata kwa kiwango cha juu kabisa. Ndiyo maana chumba cha bei poa chenye maneno “ohne Anmeldung”, bila usajili, ni cha kulala wiki mbili tatu, si cha kuanzia maisha. Na yule anayedai yuko nje ya nchi, atakutumia ufunguo kwa posta ukishamtumia dhamana, ni tapeli. Hata kama amekutumia picha ya pasipoti. Hasa kama amekutumia picha ya pasipoti.

Kwa hali hiyo, wengi wetu tulianza na WG, nyumba ya kuchangia ambapo kila mtu ana chumba chake na jiko ni la wote. Chumba cha aina hiyo sasa mara nyingi hupita euro 600. Mwanafunzi aombe bweni la studierendenWERK, shirika la huduma za wanafunzi, siku ileile anayopata barua ya chuo, maana orodha ya kusubiri ni ndefu. Usiidharau nje ya Ring, ile reli inayozunguka katikati ya jiji. Tiketi ya ukanda wa AB inafika huko pia. Wedding, eneo lililo kaskazini kidogo, ina mtaa wa Kiafrika wenye Sansibarstraße na Ugandastraße, na tangu 2024 ina Maji-Maji-Allee, sehemu ya barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililowekwa enzi za Wanazi kumtukuza Carl Peters. Kuandikisha anwani ya Maji Maji katika ofisi ya Kijerumani si jambo dogo.

Chakula hakitakuua. Maduka ya Waturuki yana bamia, maharage na mchicha wa kutosha, na unga wa polenta husongeka ugali ukiuzoea. Jumapili maduka hufungwa, basi Jumamosi jioni usijisahau. Kinachokula fedha kimyakimya ni bima ya afya, ambayo ni lazima, na usafiri: tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, na kufikia Januari 2026 ilikuwa 63. Mwanafunzi anayetumia akaunti maalumu ya viza huweka euro 11,904 za mwaka na kufunguliwa 992 kwa mwezi. Toa humo chumba na bima, uone kinachobaki. Dhamana ya nyumba isitegemee fedha hiyo, iwe pembeni.

Kuondoka nako kuna gharama. Notisi ya mpangaji ni miezi mitatu, kwa barua iliyosainiwa kwa mkono, si kwa WhatsApp, hivyo ukipata nyumba ya bei nafuu ghafla unaweza kulipia mbili kwa pamoja. Na Kaution hairudi siku unayokabidhi ufunguo. Huchukua miezi, na kila mkwaruzo wa sakafu unaweza kukatwa humo. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila bomba na namba ya mita ya umeme, andikeni hali ya nyumba, msaini wote wawili, na nakala yako usiipoteze hata ukihama mara tano.