Mbele ya kutoa maziwa ku chakula ya nyumba, tengeneza kwanza hii

Kitu ya kwanza ni kujua kabisa dokta amesema nini, na mi nilikoseaka hapo. Kuko batu maziwa inabajaza hewa mu tumbo na kubaharisha, ile ni juu ya laktozi, sukari ya maziwa, mubiri hauna nguvu ya kuivunja, ule mutu mara mingi anaweza kukula kipande ya fromaji ya Masisi (kule Kivu ya Kaskazini) yenye imekomaa na hasikie kitu, hata mashanza, ile maziwa ya kuganda, kidogo inapita. Lakini mwenye aleji ya proteini ya maziwa yeye ni ingine story kabisa, hata kijiko yenye ilikoroga chai ya maziwa inaweza kumuletea shida, na kama midomo inavimba ao pumzi inakatala usingoje asubuhi, kimbia hospitali palepale. Mutoto wetu wa pili iko wa aleji. Nilikuwa ninasema basi nitamupatia ya mbuzi, dokta akanizuia: proteini ya mbuzi na ya ngombe zinafanana sana. Na kama mutoto hajafikisha mwaka moja usimupangie chakula peke yako, maziwa ya soja ya nyumba haiwezi kuchukua fasi ya titi ao ya ile maziwa ya kopo dokta ataandika.

Kisha andika ku karatasi bintu yote munakula wiki nzima. Mi nilifanya vile nikashangaa: bugali, sombe ya karanga, maharagi, makemba, lenga-lenga, sambaza (samaki ndogo ya ziwa Kivu), hakuna tone ya maziwa pale! Kwetu maziwa inaingilia ku milango ingine, chai ya asubuhi, mukate, pire ya birayi ya siku ya yenga, na mikono ya bageni. Njo maana usianze kutafuta bintu ya bei kali ku alimentasio, funga kwanza ile milango ine.

Pire ni rahisi: bakisha maji yenye ilichemusha birayi, ponda nayo, tia mafuta na kitunguu ya kukaanga, bazee bangu habakujua hata kama nilibadilisha. Ku mukate tunapaka avoka na chumvi, ao karanga ya kusaga. Lakini mukate wenyewe, uliza mwenye kuoka, na uulize kila mara. Kuko fasi moja tulizoea, siku moja bakatia maziwa ya unga mu unga, hawakutuambia, mutoto alilala na mapele mwili muzima. Margarini pia usiiamini juu tu haiitwe siagi, zingine ziko na maziwa ndani. Na ile unga ya kutia mu kahawa, yenye banasema si maziwa, mara mingi iko na kazeini, ni proteini ya maziwa. Bikuti, shokola, sosisi, kibe ya mchuzi, soma karatasi yote, ku soko yetu mingi inaandikwa kifaransa kwa hiyo tafuta haya maneno: lait, beurre, crème, lactosérum, caséine, caséinate. Kama bamekupimia mu sashe bila karatasi, acha.

Sasa mifupa. Mutoto wa miaka 4 mpaka 8 anahitaji kama miligramu 1000 ya kalsiamu ku siku, na kikombe ya maziwa inatoaka kama 300, kwa hiyo ukiitoa lazima ujue fasi itatokea. Sisi wa ku Kivu tuko na bahati, sambaza inakuliwa na mifupa yake, na ni ndani ya mifupa kalsiamu iko (kama unatoa kichwa na mifupa juu mutoto anabagua, umetupa ile yenye ulikuwa unatafuta, saga kavu utie mu mchuzi). Ndagala pia. Mboga za majani zinasaidia lakini zisibebe muzigo peke yake.

Maziwa ya soja tunatengeneza siku ya posho: loweka usiku, ondoa maganda, saga na maji, chuja na kitambaa, kisha chemusha vizuri ukikoroga juu inapanda na povu kama mwizi na soja mbichi haifai kwa tumbo. Kwa chai inaenda. Lakini haina kalsiamu mingi kama ya ngombe, usidanganyike na rangi nyeupe.

Sufuria ya kukaangia, kijiko na kikombe ya mwenye aleji tulitenga, ya kijani, iko ku musumari wake.

Mwenye ilikuwa nguvu kuliko sufuria ni mama mukwe. Yeye ni wa Masisi, ngombe ni heshima, mugeni unamupokea na mashanza, sasa unaanza kusema mujukuu wake haiguse? Usingoje ufike kwake na mutoto mukononi. Nilimutuma bwana yangu peke yake mbele, akaketi na mama yake akamuelezea pole-pole, alikasirika, "kwa hiyo anakatala ngombe zetu?", kisha akaelewa nusu. Ku masomo pia nilienda mwenyewe kusema na mwalimu, juu batoto banagawanaka bikuti.

Siku hizi tukifika bibi anakaanga sambaza, lakini kila safari ananiuliza chini-chini kama bado. Batoto bengi aleji inabatoka bakikomaa, hiyo ni kweli, kwa hiyo ninamujibu: bado mama, siku dokta atasema tujaribu, tutajaribia kule kwa dokta na sindano ya aleji iko karibu, si hapa ku jiko yako.