Somo: "Uamuzi wa kuondoka" si "decision of leaving"

Kiswahili kina a-unganifu (wa, ya, la, cha na kadhalika), nayo hubeba karibu kila uhusiano kati ya nomino na kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye "ku-": uamuzi wa kuondoka, hatari ya kupoteza, ugumu wa kupata, sababu ya kuchelewa. Muundo ni mmoja. Kiingereza huigawa mifano hiyo mafungu manne: "decision to leave", "risk of losing", "difficulty in finding", "reason for being late". Kosa letu huanzia hapo, kwa kuwa tukisikia "ya" moyoni, mkono huandika "of".

Hatua ya kwanza ni kutafuta neno lililoizaa nomino. Ikiwa kitenzi au kivumishi hicho hufuatwa na "to", nomino mara nyingi huurithi muundo huo: "decide to" huzaa "decision to", "refuse to" huzaa "refusal to", na "able to" huzaa "ability to". Vivyo hivyo kwa vihusishi, yaani maneno kama "on", "for" na "of": "depend on" huzaa "dependence on".

Hatua ya pili ndiyo yenye utelezi. Kitenzi kinachopokea yambwa (mtendwa) moja kwa moja hakina kihusishi cha kurithisha, hivyo nomino yake hujitafutia chake. Tunasema "we visited Zanzibar", lakini "our visit to Zanzibar". "Answer the question", lakini "the answer to the question". "They demand water", lakini "the demand for water". Aliyekwisha kuzoea "a discussion about land" huchukua kihusishi hicho na kukirudisha kwenye kitenzi, akaandika "we discussed about land", kosa ambalo hata magazeti yetu ya Kiingereza hayajaepukana nalo.

Hatua ya tatu inahusu nomino "chance", na hapa Kiswahili kinatusaidia. Ukimaanisha nafasi, yaani fursa, tumia "to": "a chance to study". Ukimaanisha uwezekano, tumia "of" pamoja na "-ing": "a chance of winning". Kwa kipimo hichohicho, "opportunity" huelekea "to", ilhali "possibility" hutaka "of", na "possibility to win" si Kiingereza cha kawaida.

Hatua ya nne ni ya nomino za kupanda na kushuka. Kinachopanda hutanguliwa na "in", na kiasi kilichoongezeka hutanguliwa na "of": "an increase of 200 shillings in the price of sugar".

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Katika barua ya kuomba kazi niliandika "application of job". Je, nilikosea?

Marahaba. Ndiyo, sahihi ni "application for the job" au, kwa urasmi zaidi, "application for the post of" kisha cheo chenyewe. "Application of" ni matumizi ya kitu, kama kuweka mbolea shambani: "the application of fertiliser".

Mwalimu, "intend" hufuatwa na "to". Mbona nasikia "no intention of going"?

"Intention" hukubali miundo yote miwili. Hata hivyo, ikitanguliwa na "no", wenye lugha huegemea zaidi "of going". "Hope" nayo ina tabia ya namna hiyo: "I hope to pass", lakini "no hope of passing".

Je, ni "need for" au "need to"?

Hutegemea kinachofuata. Nomino hutaka "for", kama "the need for clean water". Kitenzi hutaka "to", kama "the need to boil water". "In need of" ni msemo uliokwisha kuganda, usiubadilishe.

Nilisahihishwa nilipoandika "the key to pass the exam". Kwa nini, wakati "to" ipo?

Kwa sababu "to" hiyo ni kihusishi. Ijaribu kwa kuweka nomino mbele yake: "the key to the door" inakubalika, lakini "the decision to the door" haileti maana. Inapokubali nomino, mara nyingi kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "the key to passing the exam".