Somo: Kusimamia ubunifu kwenye kampuni, tukiifuata M-Pesa

Habari za leo wakuu. Wenye kampuni ndogo wengi huniambia ubunifu ni kazi ya makampuni makubwa ya nje. Tuitazame M-Pesa tangu ilipokuwa wazo.

1. Lipe wazo fungu lake. Pale Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, ofisa wake Nick Hughes alijua mradi wa Kenya hautaweza kugombea mtaji na miradi yenye faida ya haraka. Akaomba mfuko wa serikali ya Uingereza, zikapatikana karibu pauni milioni 1, kwa sharti kampuni nayo iweke chake.

2. Jaribu padogo. Oktoba 2005, Nairobi na Thika, wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Lengo lilikuwa marejesho ya mikopo tu.

3. Kaa karibu na mteja. Hapa msipite haraka. Susie Lonie wa Vodafone, aliyesimamia jaribio hilo, na wenzake waliona watu wakifanya yasiyopangwa: mfanyabiashara anaweka mauzo yake jioni, asubuhi anayatoa. Msafiri anaweka pesa mji mmoja, anaitoa anakofika, asitembee na noti mfukoni. Mwingine anamlipia mwenzake rejesho. Wangeweza kuwakataza. Wakawafuata.

4. Punguza. Marejesho yakawekwa kando, na Machi 2007 Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo Vodafone ina hisa, ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani.

5. Jua nani anaamua. Mitambo ilikaa Ujerumani hadi 2015, na jina lilikuwa la Vodafone hadi 2020, Safaricom na Vodacom walipolinunua. Kampuni ya nyumbani haina mfuko mnene, lakini mwenye uamuzi yupo palepale dukani. Kwangu hiyo ni nguvu kubwa, na tunaichezea.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona Tanzania ilianza 2008 lakini ikapanda taratibu?
Jibu: Safaricom ilishika sehemu kubwa ya soko la Kenya. Kwetu wateja waligawanyika mitandao kadhaa, na nchi ni pana, kumpata wakala ilikuwa shida. Ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi hata kwa kitu kilichofaulu kwa jirani.

Swali: Nina mashine ya kusaga na vijana wanne. Nianzie wapi?
Jibu: Kwa vijana hao. Toyota inakusanya mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951. Weka daftari kando ya mzani. Mteja akiuliza kitu msichonacho, kiandikwe kabla hajaondoka. Mwisho wa mwezi chagueni kimoja, mkijaribu kwa wateja kumi, na kijana aliyekiandika ndiye akisimamie.